Neno Nililoliongezea Kelele

Kwa miaka minne nilifundisha neno moja vibaya, na nililifundisha kwa ujasiri mkubwa.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Kitengela, katikati ya miaka ya tisini. Kitengela ya wakati huo haikuwa mji wa kujivunia. Kulikuwa na maduka ya mabati kando ya barabara ya Namanga, bucha kadhaa, makanisa mengi kuliko bucha, halafu nyasi mpaka macho yachoke. Kutoka dirisha la darasa la sita tuliweza kuwaona nyumbu wakipita, na hakuna mtoto aliyegeuza shingo kuwatazama. Mvua ikinyesha, udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka mtu akaongezeka urefu. Kwetu ni upande wa magharibi, kwenye vilima na migomba. Mwezi wangu wa kwanza nilimwandikia mama barua kwamba nimepelekwa mahali ambapo upepo haupumziki.

Neno lenyewe lilikuwa shaghalabaghala.

Nililipata nikiwa darasa la nne kule kwetu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nene. Kila alipotukuta tukipiga kelele, alisimama mlangoni akauliza, "Mbona mko shaghalabaghala?" Tulinyamaza papo hapo. Hakuwahi kutueleza maana yake, na sisi hatukuuliza, maana kumwuliza mwalimu swali siku hizo ilikuwa ni kujitafutia taabu. Basi nikajazia maana mwenyewe. Anauliza tukiwa na kelele, tukinyamaza haulizi tena. Kwa hivyo shaghalabaghala ni fujo yenye kelele. Hata masikioni mwangu lenyewe lilivuma kama sufuria zinazoporomoka kutoka rafuni. Nikaenda nalo sekondari, nikaenda nalo chuo cha ualimu, nikafika nalo Kitengela, na hakuna aliyewahi kunisimamisha njiani.

"Shaghalabaghala ni kielezi," niliwaambia watoto kila mwaka. "Kinatueleza jambo limefanyika vipi. Limefanyika kwa fujo na kwa kelele. Kelele ikikosekana, hiyo si shaghalabaghala. Andikeni."

Wakaandika. Shule ilikuwa na kamusi moja, nayo ilikaa kwenye kabati ya mwalimu mkuu, imefungiwa kwa kufuli pamoja na mipira na sanduku la huduma ya kwanza. Sikuwahi kuiomba. Nani anaomba kamusi kutafuta neno analolijua?

Katika darasa langu la sita kulikuwa na msichana mmoja mrefu, mwenye sauti ndogo, ambaye mkono wake haukupanda hewani hata alipojua jibu. Mama yake alikuwa fundi wa cherehani kutoka Mkoa wa Kati, aliyekuja Kitengela kushona sare za shule. Walikuwa wakikaa kwenye nyumba za kupanga karibu na kinu cha kusaga mahindi. Muhula wa tatu niliwapa insha ya "Siku Ambayo Sitaisahau." Nilijua nitakachopata, na nilikipata: majambazi, ajali, nyoka chini ya kitanda, na watu wengi waliozirai na kuamkia hospitalini.

Msichana huyu aliandika juu ya upepo. Jumapili moja walikuwa kanisani, upepo ukang'oa mabati ya nyumba yao, kisha ukaingia ndani na kutoa vitu. Waliporudi walikuta kila kitu kimetapakaa uwanjani: vitambaa, shati zisizo na mikono, mto, kalenda, hata daftari ambalo mama yake aliandikia vipimo vya wateja. "Vitu vyetu vilikuwa shaghalabaghala," aliandika. "Mama alisimama. Sisi pia tulisimama. Hakuna mtu alisema kitu. Hata upepo ulikuwa umenyamaza." Halafu mama yake akaona kuku amekaa ndani ya karai la nguo, ametulia kana kwamba amepewa chumba, akaanza kucheka mpaka akaketi chini.

Niliisoma insha hiyo nikiwa nimechoka, madaftari mengine thelathini yakiningoja. Nilipofika kwenye neno langu nilishika kalamu nyekundu nikalizungushia duara. Pembeni nikaandika: "Kelele iko wapi?" Nikampa alama ishirini na mbili kwa arobaini.

Siku iliyofuata alikuja kwenye meza yangu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mwalimu, hatukuwa tunapiga kelele. Tulikuwa tumenyamaza."

"Ndiyo sababu nimekukata. Tafuta neno lingine."

"Gani?"

Sikuwa nalo. "Fikiria," nilimwambia, nikamfungia daftari. Alilichukua akarudi kwenye dawati lake, na mimi nikaendelea na kazi yangu bila wasiwasi wowote.

Mwaka uliofuata hakurudi. Mama yake alikuwa amepata chumba cha biashara Kajiado mjini, na mtoto akahamishiwa shule ya huko. Nilimfuta kwenye orodha.

Muhula wa pili wa mwaka huo mkaguzi wa shule alikuja bila kutuarifu. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa sweta juu ya tai. Alipopita uwanjani watoto wa Kimaasai walimwinamishia vichwa, naye akagusa kila kichwa, kimoja kimoja, bila haraka. "Sopa," aliwasalimu wakubwa. "Ipa," wakajibu. Aliingia kwa mwalimu mkuu kunywa chai. Mimi sikuwa na habari, kwa sababu nilikuwa darasani nikifundisha vielezi.

Nilikuwa nimegundua mbinu mpya. Badala ya kueleza kila neno, niliwataka watoto walitende. Tulitembea kimyakimya kuzunguka madawati. Tulikaa kitako. Tukalala kifudifudi, yaani wawili walilala, wengine wakacheka. Halafu nikasema, "Sasa nataka muonyeshe shaghalabaghala!"

Sijawahi kutiiwa kama walivyonitii watoto wale. Walipiga madawati kwa viganja, wakapiga mbinja, wakabadilishana viti, mmoja akalia kama punda na wa pili akamjibu. Kifutio kilipita karibu na sikio langu. Nami nilisimama mbele nikicheka na kupiga makofi, nikisema, "Zaidi! Bado si shaghalabaghala hiyo!"

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwalimu mkuu, na kikombe cha chai mkononi, na nyuma yake mkaguzi.

"Kuna nini hapa? Nani ameumia?" mwalimu mkuu aliuliza.

Darasa likanyamaza. Punda wa pili alichelewa kidogo, akamalizia peke yake.

"Ni somo, mwalimu," nilisema. "Tunafanya vielezi."

Mkaguzi hakukasirika. Aliomba kiti, akakaa nyuma karibu na dirisha, akaniambia niendelee. Nikaendelea, ingawa hata sijui nilisema nini. Najua tu kwamba chaki ilinivunjikia mara tatu. Niliandika ubaoni maana ya shaghalabaghala kama nilivyoiandika kila mwaka, kisha watoto wakatunga sentensi. Sokoni watu walipiga kelele shaghalabaghala. Mbwa walibweka shaghalabaghala. Kila sentensi niliipongeza.

Mwishoni mkaguzi alisimama akaja mbele. Niliwaza kwamba atazungumzia kelele. Badala yake aliiangalia meza yangu.

"Watoto," alisema, "hii meza ya mwalimu iko vipi?"

Watoto waliiangalia, nami nikaiangalia. Kulikuwa na madaftari yaliyolaliana, chupa ya chai, vipande vya chaki, nusu ya chapati kwenye karatasi, kamba ya kurukia niliyomnyang'anya mtu, na kiatu changu kimoja cha mvua, ambacho sijui kilipandaje pale.

Mwishowe sauti moja ilisema, "Haijapangwa."

"Haijapangwa. Kila kitu kimewekwa ovyo. Tungeweza kusema vitu viko shaghalabaghala?"

Wengine walinitazama waone uso wangu unasema nini.

"Hapana," akajibu kiranja wa darasa kwa uaminifu. "Kwa sababu haipigi kelele."

Mkaguzi alicheka. Alicheka kwa wema, na darasa likacheka, nami nikacheka kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Akamwomba mwalimu mkuu kamusi. Ilichukua muda, kwa maana ufunguo wa kabati ulikuwa umepotelea mfukoni. Ilipokuja aliniachia mimi nilitafute neno mwenyewe, mbele ya watoto. Nikalipata. Ilisema juu ya kukosa utaratibu na mpangilio, juu ya vitu kuwa ovyoovyo. Nilisoma mara mbili nikitafuta kelele. Haikuwepo.

"Inaweza kuwa na kelele, mwalimu," mkaguzi aliniambia kwa sauti ya chini tulipokuwa tunatoka. "Soko likivurugika, kelele itakuwepo. Lakini kelele ni ya watu. Neno lenyewe linahusu mpangilio." Akaongeza, "Hiyo njia ya kuwafanya watende usiiache. Ni nzuri. Panga meza tu."

Alipokwisha kwenda nilikaa ofisini nikiwa na aibu ya kawaida, ile ya mtu aliyekosolewa mbele ya watu, na nilijua itapita. Halafu nikamkumbuka msichana wa upepo. Vitu vimetapakaa uwanjani, watu wamesimama, hakuna anayesema kitu. Katika miaka minne ni mtoto mmoja tu aliyelitumia neno lile sawasawa, naye ndiye niliyemkata alama. Tena alikuja kujitetea, yeye asiyeinua mkono, nikamwambia afikirie. Hiyo aibu haikupita.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Jana mliona. Hili neno niliwafundisha vibaya. Nilikosea. Futeni, tuandike upya."

Walifuta kwa furaha kubwa mno. Kisha mvulana aliyekuwa punda wa kwanza akainua mkono. "Mwalimu, kwani hata sisi tukikosea tutakuwa tunafuta tu? Hakuna kiboko?"

Siku hizo kiboko kilikuwa kwenye kona ya kila darasa, pamoja na ufagio. Nikasema tutaona. Tuliona: sikukitumia tena kwa kosa la Kiswahili, na alama zao hazikushuka.

Lakini msichana alikuwa Kajiado, na mimi nilikuwa mtu wa kuahirisha. Kila wiki nilisema nitamwandikia, kisha nikawaza: utamwandikia nini mtoto? Ikafika likizo ya Agosti, nikaitwa semina ya walimu wa Kiswahili huko huko Kajiado, siku tatu. Siku ya kwanza jioni, jua likiwa bado juu, nilienda sokoni nikaanza kuuliza mafundi wa sare za shule.

Fundi wa tatu ndiye aliyekuwa mama yake. Alinitambua kabla sijasema.

"Woi! Mwalimu wa Kitengela! Karibu, karibu, toa hiyo nguo ukae. Umekuja na shida?"

"Sina shida, mama. Nimekuja kumwona msichana wako."

Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. "Amefanya nini?"

"Yeye hajafanya kitu. Ni mimi."

Hakuelewa, lakini alimwita. Msichana alitokea nyuma ya pazia na mkebe wa maziwa mkononi. Alikuwa amerefuka zaidi. Aliponiona alirudi hatua moja, kama mtu aliyekuta ng'ombe mlangoni.

"Unakumbuka insha yako ya upepo?" nilimwuliza.

Aliitikia kwa kichwa.

"Ile shaghalabaghala uliyoandika ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea. Neno halihitaji kelele. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mama yake alishika mdomo. Nadhani hakuwa amewahi kumsikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha, na kwa kweli mimi pia sikuwa nimewahi. Niliona uso wake ukibadilika, nikangoja furaha. Badala yake alionekana amefadhaika kabisa.

"Ai, mwalimu," akasema. "Na vile nilikutetea!"

"Ulinitetea kwa nani?"

Ikatoka polepole, mama akiongezea pale alipoishia. Katika shule yake mpya mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameandika ubaoni kwamba nguo zilitupwa kitandani shaghalabaghala. Msichana wangu, huyu asiyeinua mkono, akainua mkono. Akasema hiyo si sawa, kwa sababu nguo hazipigi kelele. Mwalimu akamwambia akae. Akakataa kukaa. Akasema mwalimu wake wa Kitengela alisema lazima kuwe na kelele, na mwalimu wake wa Kitengela anajua Kiswahili sana. Wakabishana mpaka kengele ikalia. Kwa adhabu akapalilia maua ya ofisi wiki nzima.

"Hata nilimwambia aache," mama yake alisema. "Nikamwambia hiyo ni neno tu. Akaniambia, mama, mwalimu hawezi kunikata alama bure."

Nilitamani ardhi ya Kajiado, ngumu ilivyo, ipasuke. Nilikuwa nimemnyima alama, kisha yeye akachukua kosa langu, akalibeba kilomita zote zile, akalipigania. Sikujua nicheke au nilie. Mama yake ndiye aliyeamua: alianza kucheka, kicheko kilekile nilichokuwa nimekisoma kwenye insha, akainama juu ya cherehani mpaka mabega yakatikisika. Msichana akatabasamu. Mimi nikafuata.

"Leta daftari," nilimwambia.

Alikuwa nalo bado. Nilikata lile swali langu jekundu, nikaandika "Sawa kabisa," nikampa thelathini na sita. Alitazama alama hizo kwa makini.

"Nne zimeenda wapi?"

"Tahajia," nikasema. "Umeandika 'umenyamanza.'"

"Ni sawa," alikubali. Kisha akafikiri. "Lakini mwalimu, lazima umwambie pia yeye. Yule wa maua."

Alikuwa na haki. Nikamwuliza mwalimu huyo anafananaje. Akaniambia ni mama mnene, ana miwani mikubwa yenye kamba, na hucheka kwa pua. Nilimjua papo hapo. Alikuwa ameketi safu ya mbele kwenye semina tangu asubuhi, na alikuwa amemkosoa mtoa mada mara mbili.

Kesho yake wakati wa chai nilimwendea nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwambia kuna msichana katika darasa lake, mrefu, aliyebishana naye juu ya neno moja. Kabla sijamaliza alivua miwani.

"Usiniambie. Wewe ndiye mwalimu wa kelele?"

"Ni mimi."

"Nimekutafuta!" alisema, akacheka kwa pua kama nilivyoambiwa. "Nilitaka kujua ni nani huyo ambaye mtoto anamwamini kuliko kamusi. Nilimwonyesha kamusi, unajua? Akaniambia kamusi imesahau kuandika."

Nilimweleza kila kitu: mwalimu wangu mfupi wa zamani, punda, kiatu cha mvua juu ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu aliyejua mengi hivyo. Akasema yeye alifundisha "masalia" kama wingi wa "msala" kwa miaka sita, kumbe masalia ni mabaki, na aliyemrekebisha alikuwa mhubiri, katikati ya mahubiri, mbele ya kanisa zima.

"Na yule mtoto wa maua?" nikauliza.

"Nitamwomba msamaha mimi pia," alisema. "Nilimwadhibu kwa ubishi. Lakini ubishi wenyewe alikuwa ameufanya vizuri."

Alitimiza. Shule ilipofunguliwa msichana aliniandikia barua, ukurasa mmoja, akasema mwalimu wa miwani alimwita mbele ya darasa akasema amekosea kumpa adhabu kwa kuuliza, na kwamba sasa darasa zima lilikuwa likiuliza mpaka mwalimu amechoka. Chini alikuwa ameongeza kwamba mama anataka vipimo vyangu.

Nilidhani ni mzaha. Kumbe mama yake aliamua kwamba mwalimu aliyesafiri mpaka Kajiado kwa ajili ya neno moja hawezi kuendelea kuvaa sketi ile aliyoniona nayo. Alinishonea nyingine, ya kijani kibichi yenye mifuko miwili. Niliivaa miaka saba.

Mwalimu wa miwani akawa rafiki yangu. Elimu ya bure ilipokuja na madarasa yakafurika, niliomba uhamisho nikapelekwa Kajiado, nikajikuta nafundisha chumba cha pili kutoka chake. Tulikuwa tukitumiana watoto na vijikaratasi: "Je, 'mahame' ina umoja?" Jibu lilirudi kabla ya kipindi kwisha, mara nyingi likiwa na swali lingine nyuma yake. Alipostaafu alirudi kwao Illasit kulima vitunguu na nyanya, na mara mbili kwa mwaka alinitumia gunia kwa gari la mizigo, likiwa na karatasi ndani. Karatasi hizo hazikuwa na salamu. Zilianza moja kwa moja na neno.

Msichana hakuwa mwandishi wala mwalimu, ingawa mimi nilimtabiria yote mawili. Alisomea uuguzi. Mara ya mwisho nilipokutana naye alikuwa akifanya kazi katika zahanati moja upande wa Matasia, amejenga huko, ana mtoto wa darasa la pili. Tulisimama nje ya lango tukizungumza hadi chai aliyotoka nayo ikapoa. Alilalamika kwamba binti yake hanyamazi, anauliza kila kitu, anambishia hata baba yake.

"Umemfundisha wewe," nilimwambia.

"Mimi?" alisema, akashangaa kweli. "Mimi nilikuwa mtoto mtulivu sana, mwalimu. Wewe unajua."